Kibaba Hakiliwi Kikavu: Wanawake wa Njia ya Tabora

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, mahali ambapo leo ni mji wa Tabora. Ulikuwa umetumia siku 134 tangu kuondoka pwani. Kama ilivyokuwa desturi, bunduki zililia na wapagazi walivaa nguo zao nzuri, maana kufika Unyanyembe, nchi ilimokuwa Kaze, hakukuwa jambo la kunyemelea. Waarabu wa mji, wakiongozwa na Snay bin Amir, waliwakaribisha wageni wakawapa nyumba.

Picha hiyo ya wanaume, bunduki na mizigo ndiyo iliyobaki vichwani mwetu kila inapotajwa njia ya kati ya misafara. Ni picha ya kweli, ila ni nusu.

Biashara ya njia ile ilipimwa kwa frasila. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili za pembe, ushanga au vitambaa, yaani kilo 32 hivi, na ujira wake ulihesabiwa kwa nguo. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Lakini kibaba cha mtama hakiliwi kikavu. Msafara ulipotua, mtu mwenye mabega yaliyovimba bado alipaswa kutafuta kuni, kuteka maji, kutwanga na kusonga ugali, kisha kuamka alfajiri kirangozi, yaani mwongoza msafara, alipoita. Tajiri aliyejaza wapagazi wanaume peke yao katika msafara wake aliona amepunguza matumizi, kumbe alikuwa akiwachosha watu wale wale aliowategemea kufikisha mali.

Wanyamwezi waliipanga kazi hiyo kwa namna nyingine. Wengi wao walisafiri na wake zao, na wanawake hao walibeba vyungu, mikeka, majembe na chakula, na pengine hata mzigo wa biashara. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika makala yake ya mwaka 2000 kuhusu wanawake wa misafara, aliwaita wabia. Neno hilo linawafaa. Mpagazi aliyekula vizuri alitembea vizuri, na aliyekuwa na mke na mtoto kambini hakutoroka usiku kwa urahisi, wakati utoro ndio uliokuwa maradhi makubwa ya kila msafara. Siku hizi makampuni hulipa washauri ili kuambiwa kwamba kazi inayowachanganya wanawake na wanaume huenda vizuri zaidi. Wapagazi wa Unyamwezi walilijua hilo bila semina.

Tusiipake njia ile rangi ya harusi, hata hivyo. Wanawake wengi walioonekana kwenye misafara walikuwa watumwa, wengine wakiwa wametolewa mbali kama Manyema, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri. Mke wa mpagazi huru na mjakazi wa tajiri walipiga kambi mahali pamoja, ila kesho yao haikuwa moja.

Kuna pia habari ya ushanga. Burton alieleza kwa urefu mamia kadhaa ya aina za ushanga zilizojulikana sokoni, na msafiri Henry Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 aliambiwa mapema kwamba ushanga mweusi ulikuwa fedha kamili Ugogo lakini kwingine haukununua kitu. Nani aliyeamua kwamba rangi hii inapendeza na ile imepitwa? Kwa sehemu kubwa ni wanawake waliouvaa ushanga huo, na ambao pia walileta unga na kuku kambini kuuza. Mfanyabiashara aliyepuuza macho yao alibaki na magunia ya kioo na tumbo tupu.

Juu zaidi katika ngazi ya biashara, ndoa yenyewe ilikuwa mtaji. Mfanyabiashara Tippu Tip anasimulia katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, kwamba baba yake, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo mgeni wa pwani aliingia katika nyumba ya utemi, na heshima aliyoipata hapo isingenunuliwa kwa mzigo wowote wa kitambaa cha merikani.

Mwanamke anayejulikana kwa jina kuliko wengi wa njia ile ni Halima, mke wa Amoda na mpishi wa mmisionari na msafiri David Livingstone. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi, akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwenzake wa msafarani, akaondoka. Mzee Livingstone akahangaika mpaka kuandika barua ya kumtafuta. Kumbe Halima keshakuja mwenyewe, anangoja tu mzee atoke nje amwambie aingie. Mtu anayejua thamani ya kazi yake hutoa madai yake hivyo. Livingstone mwenyewe alimsifu katika shajara na akaahidi kumpa uhuru, na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar.

Hakufika huko kutimiza. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Msafara uliobeba maiti yake, Halima na Ntaoeka wakiwa ndani yake, ulipita Kwihara mwezi Oktoba. Hapo msafiri Mwingereza Cameron alishauri mzee azikwe papo hapo, wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Watumishi wake Susi na Chuma walialikwa Uingereza mwaka huo. Mwanamke hakualikwa hata mmoja.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu kwenye njia ile ulikuwa umefika ukingoni. Tembe la Kwihara, lililojengwa upya kilomita chache kutoka mjini, sasa ni makumbusho. Linaitwa Tembe la Livingstone.