Skeli na Geji katika Reli ya Mezani

Kichwa cha treni namba 5918, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Ni cha mvuke, aina ya Garratt, na urefu wake unapita mita 31. Anayetaka kukiunda upya kwa ajili ya meza ya sebuleni lazima aamue kwanza atakipunguza mara ngapi. Kiwango hicho cha kupunguza ndicho skeli, neno lilelile ambalo wanafunzi hulikuta kwenye somo la ramani.

Skeli iliyoenea zaidi kwa reli za mezani ni 1:87, maarufu kwa herufi HO. Kwa skeli hiyo, Garratt hubaki na sentimita 36 hivi na mtu mzima sentimita 2. Kilomita moja ya njia bado hudai mita 11 na nusu, na sebule nyingi hazifikii hapo. Kwa hiyo kona hukunjwa zaidi kuliko inavyoruhusu hesabu. Treni halisi ingeanguka.

Geji ni jambo jingine: ni nafasi kati ya reli mbili, ikipimwa kwa ndani. Wapo wanaoandika "upana wa reli", lakini maneno hayo yanaweza kueleweka kuwa unene wa chuma chenyewe. Geji haina utata huo, na tangu ujenzi wa SGR, yaani reli ya geji sanifu, limekuwa neno la kawaida.

Tanzania ni mfano mzuri kwa sababu ina geji tatu: milimita 1,435 za SGR, 1,000 za Reli ya Kati ya zamani, na 1,067 za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Zigawe kwa 87. SGR inatoa milimita 16.5, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya HO. Reli ya Kati inatoa 11.5 na TAZARA 12.3, na mafundi huziwakilisha zote mbili kwa njia ya milimita 12. Kule Kidatu, ambako hizi mbili hukutana, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa la reli moja hadi la nyingine kwa sababu ya milimita 67 za tofauti. Mezani, behewa hilohilo linapita moja kwa moja.

Waingereza nao walipita njia yao. Treni zao halisi ni nyembamba, na mota za zamani hazikuenea ndani ya vichwa vya 1:87. Wakakuza mabodi hadi 1:76, lakini reli wakaziacha kwenye milimita 16.5. Mpaka leo treni hizo, zinazoitwa OO, hukaa juu ya njia iliyo nyembamba mno kwa miili yao.

Tofauti ya skeli na geji hujitokeza hasa watu wanapotumia reli moja pamoja. Rafiki akija na behewa la OO, magurudumu yatakaa sawasawa kwenye njia ya HO, kwa kuwa geji ni moja, lakini litaonekana jitu kando ya stesheni ya mwenyeji. Wapenzi wengi wa reli za mezani hujenga vipande nyumbani, kila mtu chake, kisha huviunganisha ukumbini. Wanachokubaliana mapema ni skeli, geji, kimo cha reli kutoka sakafuni na mahali njia inapotokea ukingoni. Yaliyobaki, iwe mashamba ya mkonge au mitaa ya mji, huamuliwa na mwenye kipande.