Upepo wa Bahari na Benchi la Wageni

Mwaka 1994 nilikuwa mjumbe wa kamati ya afya katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Siku hiyo metroni wa hospitali alituletea ombi dogo: kibanda cha kukaa ndugu wanaosubiri saa ya kuwaona wagonjwa, mabenchi sita, na fedha kidogo za kupanda miarobaini na maua mbele ya wodi. Mimi ndiye niliyesimama kulipinga. Nilisema kwamba mgonjwa hali maua. Wenzangu wakacheka, ombi likafa palepale.

Hata leo sidhani kwamba nilisema upuuzi mtupu. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wananchi waanze kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na watu walikuwa wakitumwa madukani kununua sindano. Lakini uso wa yule mama alipokuwa akikunja karatasi yake haukunitoka. Baadaye nilipopata nafasi ya kusoma, nilitaka kujua wazo kwamba uzuri wa hospitali ni anasa tulilipata wapi.

Msomaji aliyewahi kupita ufukweni Dar es Salaam, karibu na Ikulu, ameliona jengo la Hospitali ya Ocean Road. Wajerumani walilijenga mwaka 1897, likaelekezwa baharini, lenye baraza pana na kuba zake, upepo ukiingia wakati wote. Watu wa enzi hizo hawakuuona upepo huo kuwa pambo. Waganga wengi wa Ulaya waliamini kuwa homa hutokana na hewa mbaya. Jina lenyewe la malaria lina maana hiyo. Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1897, Ronald Ross aliyekuwa India aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kwa hiyo hospitali yetu nzuri kuliko zote ilijengwa kwa elimu iliyokuwa inakufa, na bado ilikuwa mahali pazuri pa kuugulia.

Ila haikuwa yetu. Ilikuwa ya Wazungu, na chini ya Waingereza iliendelea kuwa hivyo. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha alizotoa Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara, naye akafariki mwaka huohuo wa 1897. Hebu tuyatazame haya mawili pamoja: wachache walipewa bahari na serikali, na wengi wakajengewa kwa sadaka ya mtu mmoja. Sewa Haji alistahili shukrani, na jina lake bado limo katika jengo moja la wodi pale Muhimbili. Aibu ilikuwa ya waliokuwa wakikusanya kodi.

Muhimbili yenyewe ilipewa jina la Princess Margaret mwaka 1956. Ukaja Uhuru, ubaguzi ukafutwa, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikaelekeza nguvu vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya. Uamuzi huo nauunga mkono hadi leo. Zahanati ya karibu huokoa watu wengi kuliko baraza la kifahari la mjini. Lakini nadhani hapo ndipo kizazi chetu kilipochanganya mambo. Kwa kuwa bustani na upepo vilikuwa vya Wazungu, tulivihesabu kuwa ni Uzungu. Tuliufuta ubaguzi, na mti wa kivuli tukaufuta pamoja nao.

Florence Nightingale alikwisha kuandika katika karne ya 19 kwamba mgonjwa akipata mwanga, maua na kitu cha kutazama, hata mwili wake hufaidika. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na kuomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa 46 si wengi, wala mti si dawa. Lakini hata senti ya dawa, basi, ina uhusiano na dirisha.

Na asije mtu akasema hayo ni ya matajiri. Kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali ya wilaya ilifunguliwa mwaka 2011, ikajengwa kwa mawe ya volkeno ya hukohuko na mikono ya wenyeji. Vitanda vimepangwa mgonjwa atazame nje, milimani, na njia za kupita zimewekwa nje ya majengo ili hewa iwe safi na kifua kikuu kisiambukizwe kwa urahisi.

Mwaka 2003 mama yangu alilazwa katika hospitali ileile ya kamati yangu. Geti lilikuwa likifunguliwa saa kumi jioni. Tulisubiri juani, wengine wamekaa juu ya mfuniko wa karo, nami nimeshika chupa ya uji. Bibi mmoja aliyejitandia kanga kichwani aliniuliza, “Baba, hivi serikali haijui kama na sisi huwa tunakuja?” Sikumwambia kwamba serikali ilijua, na kwamba mimi nilikuwemo.

Kitanda cha mama kilitazama ukuta. Siku ya tatu aliomba kigeuzwe, tukakigeuza mimi na muuguzi. Dirishani hapakuwa na bustani, ila mpapai mmoja uliojiotea nyuma ya stoo. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia, kabla hata sijamwamkia, aliniuliza kama lile papai la juu limeshachumwa.