Idhini ya Pori: Usinge na Njia ya Misafara

Reli ya Kati itokapo Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo na Kaliua, kisha hufika Usinge kabla ya kuingia katika bonde la mto Malagarasi. Msafiri aitazamaye nchi hiyo kwa dirisha la gari moshi huona mininga na miti mingine ya miombo kwa mwendo wa saa nyingi, na aghalabu husema moyoni mwake kwamba pori lile halina mwenyewe. Wazo hilo ni kongwe, na limezaa sheria nyingi, lakini si kweli. Miti, mto, chumvi, nyuki na wanyama wa nchi iliyo kati ya Tabora na Malagarasi vilikuwa na wenyewe tangu zamani. Ugomvi wa miaka mia na nusu iliyopita haukuwa juu ya kuzitunza mali hizo au kutozitunza tu. Ulikuwa juu ya mtu gani atoe idhini ya kuzitumia, na mtu gani aweze kuikataa.

Ushahidi wa kwanza umo katika neno moja la Kiswahili. Katika zama za misafara, hongo ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtawala wa nchi ili msafara upite salama, upate maji, chakula na kuni, na uvushwe mtoni. Richard Burton na John Speke, walipokwenda Ujiji mwezi wa Februari 1858, hawakuweza kuvuka Malagarasi mpaka walipopatana na mwenye kivuko. Henry Stanley, katika safari yake ya mwaka 1871, alitozwa vitambaa vingi na watawala wa Uvinza na Uha, hata mwisho akaona heri atoroke na watu wake usiku kuliko kulipa tena. Wasafiri hao waliandika habari za hongo kama habari za unyang'anyi. Mwenye nchi aliiona kwa jicho jingine: mgeni mwenye mamia ya wapagazi hunywa maji, hukata kuni na hula akiba ya wenyeji, basi hana budi kuomba ruhusa na kulipa. Leo neno hilohilo lina maana ya rushwa. Haki ya mwenyeji ilipoondolewa, jina lake lilibaki likiwa jina la kosa.

Ushahidi wa pili ni chumvi ya Uvinza, iliyo mbele ya Usinge upande wa magharibi, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi hukutana na Malagarasi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa huko katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba maji ya chumvi yalikuwa yakipikwa kwa muda wa miaka elfu moja na mia tano hivi. Wapishi walitoka nchi mbalimbali wakati wa kiangazi, wakapiga kambi, wakapika na kurudi kwao na mizigo yao. Hawakuwa watu wa kabila moja wala wa mtawala mmoja, lakini chemchemi hazikuwa mali ya kila mpita njia. Watawala wa Wavinza walipokea sehemu ya chumvi, na kwa kuipokea waliendesha utaratibu uliowawezesha wageni wengi kufanya kazi mahali pamoja msimu baada ya msimu.

Ushahidi wa tatu ni nyuki. Mnyamwezi mfuga nyuki hutundika mizinga yake juu ya miti, mbali na kijiji, na msimu ufikapo hukaa kambini na wenzake kwa majuma kadhaa wakirina asali na kutenga nta. Mzinga ulio porini hauna mlango wala mlinzi. Kinga yake ni jirani, ajuaye kwamba akiurina mzinga wa mwenzake leo, wa kwake utarinwa kesho. Kazi hiyo imempa mrina asali sababu ya kuupenda mti uliosimama kuliko mti uliolala, kwa kuwa miombo isiyochanua haina asali. Hata hivyo si kila desturi ya kazi hiyo ilikuwa njema. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti, na mti uliochunwa pande zote hufa. Tena moto wa kufukuza nyuki ukiachwa ovyo huteketeza pori.

Wala haifai kuwasifu watawala wa kale kupita kiasi. Desturi ya Unyamwezi ilimpa mtemi pembe moja ya kila ndovu aliyeuawa katika nchi yake. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu maadamu wawindaji walikuwa wachache na silaha zao zilikuwa za kienyeji. Bei ya pembe ilipopanda Zanzibar na bunduki zikajaa Tabora, mtemi mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Vita vya Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, vilikuwa pia vita vya kugombea njia na ushuru wake. Ndovu walipungua, na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kuwatafuta. Idhini iliyokuwa mkononi mwa mtu mmoja asiyetoa hesabu kwa watu wake iliuzwa pamoja na pembe.

Wajerumani walipoitawala nchi, jambo la idhini liliandikwa upya. Amri ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Sheria ya wanyama ya mwaka 1896 ilitaka leseni kwa uwindaji, na amri ya mwaka 1904 ilifungua njia ya kutenga misitu ya serikali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mahali pa hongo pakashikwa na nauli. Waingereza waliendeleza njia hiyo kwa sheria ya misitu ya mwaka 1921. Kisha ugonjwa wa malale ulipoenea, wakawahamisha watu wengi wa magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Mashamba yaliyoachwa yaliota miti. Baadhi ya pori ambalo baadaye liliitwa la asili, lisiloguswa na mtu, lilikuwa na majivu ya meko chini ya mizizi yake.

Uhuru uliondoa mtawala mgeni, lakini haukuirudisha idhini kijijini mara moja. Mamlaka ya watemi yalikomeshwa mwaka 1963, na hapana budi kukiri kwamba wengi hawakuyalilia. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilionyesha kwamba watu wa porini waweza kukusanya mali yao na kuiuza pamoja. Mahali pengine mambo yalikwenda kinyume. Huko Urambo, baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa, tumbaku ilishika nafasi, na mabani ya kuikaushia yakadai kuni kila mwaka. Vijiji vya miaka ya 1970 viliwakusanya watu tena, na vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Msitu uliokuwa wa serikali kwenye karatasi ukawa hauna mlinzi miguuni pa miti.

Mabadiliko yalianza mbali na Tabora. Huko Babati, serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walikataa, na katikati ya miaka ya 1990 wakakabidhiwa kazi ya kuulinda wenyewe, kila kijiji kwa sheria zake ndogo. Sera ya misitu ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002 ziliifanya njia hiyo kuwa halali nchi nzima: kijiji chaweza kutangaza msitu wake, kuweka walinzi, kutoza na kubaki na mapato.

Kwa wanyama, sheria ilikuwa na mkono mzito zaidi. Vijiji hutoa sehemu ya ardhi yao, huunda jumuiya, na serikali ikiridhika huipa hadhi ya Jumuiya Iliyoidhinishwa. Mkoa wa Tabora una jumuiya za namna hiyo huko Ipole na Uyumbu. Na katika wilaya ya Kaliua, iliyo na Usinge, imo Igombe-Sagara, ijulikanayo kwa kifupi kama ISAWIMA, jirani na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000.

Jina hilo la Jumuiya Iliyoidhinishwa lastahili kutazamwa. Zamani mgeni aliomba idhini kwa mwenyeji. Sasa mwenyeji huomba idhini ili ailinde ardhi aliyoitoa mwenyewe, na mapato ya uwindaji hugawanywa kwa kanuni zilizotungwa mbali naye. Si ajabu basi kwamba ISAWIMA imekuwa na migogoro ya mipaka, ya mashamba na ya mifugo. Mkulima aliyeambiwa kwamba shamba lake limo hifadhini huuliza alikubali lini. Mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini huitwa mvamizi, ingawa wazee wake Usukumani walijua kutenga ngitili, malisho yafungwayo mpaka kiangazi, na desturi hiyo ilifufuliwa Shinyanga na mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986. Hakosi elimu ya kutunza. Akosacho ni baraza ambamo yeye na mwenye kijiji watakaa na kupatana.

Mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani aliandika kwamba mali ya wote huangamia, kwa sababu kila mtu huchota bila kujizuia. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alijibu kwa mifano ya nchi nyingi kwamba mali ya pamoja hudumu ikiwa watumiaji wana mipaka ijulikanayo, wanatunga kanuni zao, na wanaangaliana. Mizinga ya Unyamwezi na chemchemi za Uvinza zilikuwa zimekwisha kulitoa jibu hilo. Pembe za ndovu zilitoa onyo lililo ndani yake, kwamba mlinzi asiyeulizwa na watu wake hugeuka mwuzaji.

Kijiji kilichopewa kazi ya ulinzi na kunyimwa uwezo wa kukataa kimepewa jembe lisilo na mpini. Nacho kikipewa uwezo wote bila daftari la mapato kusomwa mbele ya mkutano, kitazaa mtemi mpya asiye na jina la mtemi. Pori la Usinge lahitaji mambo mawili pamoja: mwenyeji awezaye kumwambia mgeni hapana, na jirani awezaye kumwuliza mwenyeji huyo kwa nini jana alisema ndiyo.