Usiku Mmoja Kisiwani Ruvu

Mombo inajulikana zaidi na wapita njia. Basi la kutoka Moshi au Arusha likifika pale, abiria wanashuka, wananunua mapeasi na plamu zilizoteremshwa kutoka mlimani, wanakula, wanaondoka. Anayebaki, mara nyingi anabaki kwa sababu anataka kupanda. Anatafuta gari la Soni na Lushoto, barabara ya kona kona iliyobanwa kati ya mwamba na korongo. Pale Mombo macho ya watu yanatazama juu. Mimi nami nimekulia pale nikitazama juu, na ilinichukua miaka mingi kugeuka na kutazama upande wa pili, kule chini kwenye mpunga na mkonge, ambako maji ya mlima yanakwenda.

Yanakwenda Mkomazi, na Mkomazi unakwenda Ruvu. Ramani zinauita mto huo Pangani, kwa jina la mji ulioko mdomoni mwake, lakini sisi wa huku tunauita Ruvu. Unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita nyika, unazunguka mguu wa Usambara, unapita Korogwe, kisha unaporomoka Hale kuelekea bahari. Safari yake ni ya kilomita zipatazo 500. Katika njia hiyo yote, mahali palipohusu familia yangu ni padogo sana: visiwa vichache vya udongo na matete, upande wa Korogwe.

Februari ya mwaka 2011 nilikwenda kulala huko. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na dago kisiwani. Dago ni neno la wavuvi wa pwani, maana yake kambi ya muda ya mvuvi aliye mbali na kwao. Mjomba alilichukua Pangani alikofanya kazi ujanani, akalipandisha nalo mtoni. Umri wake ulikuwa umeshapita miaka sabini, na mama alikuwa amenituma nimshawishi arudi kuishi Mombo, karibu na watu na zahanati. Mamba walikuwa bado wapo mtoni, na miguu yake haikuwa na nguvu ya kusimama kwenye mtumbwi.

Tulivuka jioni, yeye akisukuma upondo, mimi nimeshika pande zote mbili za mtumbwi kama mtoto. Banda lilikuwa la miti na nyasi. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, sufuria mbili, kibatari, na migono iliyosubiri kutengenezwa. Simu yangu ilizima kabla ya saa mbili usiku na hapakuwa na pa kuichajia. Tulikula ugali kwa kambale. Kisha giza likatua, na ndipo nikaona kitu ambacho mchana sikukiona: kule ng'ambo, mbali, mwanga wa taa za Korogwe ukipauka angani.

"Unaona ule umeme?" Mjomba akaniuliza. "Umetoka hapa. Maji haya yakitoka mgongoni mwa kisiwa yanakwenda kuuzungusha."

Alisema kweli. Ruvu ni mmoja wa mito ya kwanza nchini kufungwa mitambo ya umeme. Kituo cha zamani cha maporomoko ya Pangani kilijengwa miaka ya 1930, enzi za Waingereza, mkonge ulipokuwa ndio uchumi wa Tanga. Hale ikafuata mwaka 1964, megawati 21. Juu kabisa, kusini mwa Moshi, likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka hiyo hiyo ya 1960, ili maji yahifadhiwe na yaachiwe kwa kipimo. Katikati ya miaka ya 1990 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68. Umeme ukaenda Tanga, Moshi, Dar es Salaam. Ulipita juu ya vichwa vya vijiji vingi bila kushuka, hadi Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Hata baada ya hapo, nguzo haikuwahi kuvuka kwenda kwenye kisiwa cha matete kwa ajili ya mzee mmoja na kibatari chake.

Bwawa lilichukua na kitu kingine. Kinamasi cha Kirua, chini ya Nyumba ya Mungu, kilitegemea mafuriko ya kila mwaka. Mafuriko ndiyo yaliyowapeleka samaki kwenye majani kuzaliana. Mto ulipofungwa, kinamasi kikasinyaa. Mjomba hakuwa na takwimu. Alikuwa na mgono tu, na alijua baba yake alikuwa akiutoa majini ukiwa na uzito gani.

Siku hizi zipo sehemu duniani ambako watu hulipa fedha nyingi walale namna ile. Kwenye matawi ya mto Amazon, Brazil, zimo hoteli zinazoelea juu ya magogo, na mgeni anafurahia kwamba simu haishiki na usiku anasikia vyura tu. Simcheki mgeni huyo. Usiku ule nami nilisikia vyura, na viboko kwa mbali, na nikaona nyota nilizokuwa nimesahau idadi yake. Ila mgeni ana tarehe ya kuondoka. Waliotangulia kuishi visiwani Ruvu hawakufuata utulivu. Walikimbilia pale.

Kuna nusu karne ambayo mtu wa Mombo anapaswa kuijua, kwa sababu ilipita uani kwake. Mlima ulikuwa chini ya Wakilindi, ukoo wa Mbega, na mfalme wao mkubwa katika karne ya 19 alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Vuga. Krapf, mmisionari Mjerumani, alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 wakaja Burton na Speke, kabla ya safari yao ya Tanganyika. Walipanda kwa mto kutoka Pangani, kisha kwa miguu hadi Vuga. Walimkuta mfalme mzee sana, na alichotaka kwa wageni hao ni dawa ya kumrudishia nguvu zake. Dawa hawakuwa nayo.

Kimweri alipofariki, miaka ya 1860, nchi ilipasuka. Mwanawe Semboja hakutaka kukaa Vuga. Alikaa Mazinde, kilomita chache kutoka Mombo, chini nyikani, mahali ambapo Wakilindi wa zamani wasingepachagua. Alikuwa na hesabu yake. Njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda bara ilipita pale, na njia ya misafara ilileta bunduki na baruti. Akamwondoa Vuga mrithi aliyekuwepo, akamweka mwanawe, yeye mwenyewe akabaki Mazinde na biashara. Vita vya mlimani vikaendelea miaka na miaka, na kila vita ilizaa mateka. Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyohitaji mikono. Bei ya mtu ilijulikana.

Wasambaa wana maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu huleta mvua na kuiponya nchi. Wafalme wawili wanaoshindana huiharibu. Miaka ile nchi iliharibika, na mtu mdogo alihitaji ukuta.

Ukuta huo ulikuwa maji. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita huku mwishoni mwa miaka ya 1880 na mwaka 1890, aliwakuta watu aliowaita Waruvu wakiishi visiwani. Maurui ilikuwa kijiji cha kisiwani, na Korogwe nayo hivyo hivyo. Madaraja yao yalikuwa magogo. Baumann mwenyewe alikuwa na sababu ya kuelewa ukuta ni nini: mwaka 1888 yeye na mwenzake Hans Meyer walikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mvamizi aliyetoka nyikani, awe Mmasai anayetafuta ng'ombe au mwenye bunduki anayetafuta watu, alifika ukingoni na kukuta mto wenye mamba na gogo limeshavutwa upande wa pili.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Kilichofuata sikuwa nimekisoma popote.

"Bibi yangu alivuka hapa mgongoni mwa mama yake," Mjomba akasema. "Walitoka mlimani. Baba alikuwa ameshauzwa. Mama akasikia zamu yake imefika, akambeba mtoto, akashuka usiku. Walimvutia gogo akapita, wakalirudisha."

Nilifanya hesabu gizani. Mjomba alizaliwa kama mwaka 1940. Bibi yake, aliyemjua akiwa kizee, angekuwa mtoto wa mgongoni katika miaka ya 1880, vita vya akina Semboja vikiwa havijazima. Hesabu ilikubali.

"Mbona nyumbani hatujawahi kuambiwa?"

"Mtu gani anaowa kwa watu waliokimbia, mwanangu?"

Hapo nikaelewa. Kwetu Mombo tulijitambulisha kama watu wa Soni, watu wa mlimani. Mtu wa mlimani aliitazama nyika kama mahali pa homa na pa watu wasio na kwao. Kushuka kwetu kuja Mombo kulielezwa kwa reli: Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na babu alifuata kazi. Ilikuwa hadithi safi, ya mtu anayefuata mshahara. Kisiwa hakikuwamo. Lakini reli hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa wengi majini: vita vilipokwisha na soko likahamia stesheni, hapakuwa tena na haja ya kuvuta gogo. Waliohama walipata kiwanja kipya na hadithi mpya kwa pamoja.

Nikamkumbusha Mjomba jambo ambalo Abdallah bin Hemedi ameliandika katika Habari za Wakilindi, yeye aliyewajua akina Semboja kwa karibu. Mbega mwenyewe alikuwa mkimbizi. Nduguze walimfukuza Nguu, na kutoka Nguu kuja Usambara huwezi kufika bila kuuvuka Ruvu. Kama ni kuona haya kwa kuvuka mto, basi waanze wafalme.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mbega aliua nguruwe akagawa nyama. Mama wa bibi yangu alikuja na kibuyu. Si sawa." Akazima kibatari ili kuokoa mafuta.

Sikumshawishi. Asubuhi nilianza maneno niliyotumwa, kuhusu zahanati, miguu na mamba, naye akayasikiliza yote kwa adabu huku akisuka mgono. Akaniambia atafikiri. Alirudi Mombo miaka miwili baadaye, si kwa maneno yangu bali kwa sababu miguu ilikataa. Chumba chake kilikuwa na taa ya umeme, na jirani alilalamika kwamba mzee hulala bila kuizima. Alituambia anaiacha kwa makusudi, maji yale ameyalinda miaka mingi, na sasa yamuwakie. Aliishi mwaka mmoja na miezi.

Siku ile niliyorudi kutoka kisiwani nilimkuta mama uani akichambua mchicha. Nikamweleza kwamba Mjomba amegoma. Hakushangaa. Nikakaa kidogo, kisha nikamweleza na ile habari nyingine, ya mtoto aliyevushwa mgongoni usiku, nikiangalia kama atakasirika. Aliendelea kutenga majani mazuri na mabaya. Niliponyamaza akauliza, bila kuinua uso:

"Alikwambia kwamba gogo lilikuwa la mvule?"

Hakuwa ameniambia.