Upimaji wa API: Mbulu na Hanang'

Upimaji wa API ni kazi ya kuituma programu moja ombi kwa makusudi, kisha kulikagua jibu lake: limekuja au halikuja, ni sahihi au limepotoka. API yenyewe ni mlango ambao programu huutumia kuzungumza na nyingine pasipo mtu kubofya kitufe kwenye skrini. Mwananchi anayelipa ada ya serikali kwa simu amekwisha kuupita mlango wa namna hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, mfano ulio karibu na maisha ya watu ni DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Tanzania huutumia kukusanya taarifa za afya za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya). Takwimu za zahanati huanzia kwenye vitabu vya karatasi, hufika halmashauri, kisha huingizwa kwenye kompyuta. Mahali penye mfumo wake wa kielektroniki, takwimu hizohizo zaweza kutumwa kupitia API bila kunakiliwa upya kwa mkono. Hapo ndipo upimaji unapohitajika, kwa sababu programu ikikosea mara moja itarudia kosa lilelile kila mwezi bila kuchoka.

Chombo cha upimaji kinachojulikana zaidi ni Postman, kilichoanzishwa na Abhinav Asthana wa India mwaka 2012 kama kiongezi cha kivinjari. Kina vitufe na visanduku, kwa hiyo humfaa anayeanza. Palipo na mtandao wa kusuasua na bando la kuhesabu, curl ya Daniel Stenberg wa Sweden, inayotumiwa kwa kuandika amri, inafaa zaidi. Imekuwapo kwa jina hilo tangu 1998, na tangu 2018 Windows 10 huja nayo. Bruno, chombo kingine, huhifadhi maombi kama mafaili ya kawaida kwenye kompyuta ya mtumiaji.

Uwanja wa kujifunzia ni seva ya majaribio ambayo DHIS2 imeiacha wazi kwa umma, yenye takwimu za mfano za Sierra Leone. Ombi la kwanza liwe dogo: GET, yaani ombi la kusoma tu, kwenye anwani inayoishia na /api/me, pamoja na jina la mtumiaji na nywila. Jibu la 200 lina maana kwamba mlango umefunguka. 401 ni kwamba seva haijakutambua, 403 imekutambua lakini huna ruhusa, na 404 umebisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo. Anayeanza asifurahie 200 peke yake. Asome pia mwili wa jibu, maana orodha tupu nayo huja na 200.

Baada ya hapo, majina ya Manyara yenyewe ni kipimo kizuri kuliko mifano ya vitabuni. Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Programu inayotafuta kwa neno "Mbulu" na kuchukua jibu la kwanza inaweza kupeleka takwimu za Dongobesh, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya, kwenye Halmashauri ya Mji. Dawa yake ni kutambua kila kituo kwa msimbo wake wa kipekee.

Hanang' ina mtego mwingine. Ritifaa iliyo mwishoni, ileile ya ng'ombe, kwa kompyuta nyingi ni alama ya kufunga maneno. Ukiiandika amri ya curl kwenye Linux na ritifaa moja ikabaki bila mwenzake, kompyuta itaonyesha alama ya > na kukusubiri umalizie. Njia salama ni kuandika data kwenye faili, kwa mfano hanang.json, na kuituma kwa -d @hanang.json. Ndani ya anwani, ritifaa huandikwa %27. Tena ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ya simu janja ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta, hivyo Hanang' moja yaweza kugeuka wilaya mbili. Kiiraqw nacho, lugha ya maeneo hayo, katika maandishi yake hutumia mkwaju (/) kwa sauti ya kooni iliyo jirani na ain ya Kiarabu. Mkwaju huo ukiingia kwenye njia ya anwani, seva hudhani jina limekatika. Kwa kawaida huandikwa %2F. Mpimaji anayejaribu kwa jina la "John" pekee hatayaona haya, na watakaoumia ni wenye majina hayo.

Kutuma takwimu ni hatua nzito zaidi. DHIS2 huzipokea kwa POST, yaani ombi la kuwasilisha data, kwenye /api/dataValueSets, na ukiongeza dryRun=true hukagua bila kuhifadhi. Jibu lina hesabu za zilizoingizwa, zilizosasishwa na zilizopuuzwa, na hiyo ya mwisho ndiyo ya kukodolea macho. Chukua kipindi 202312, yaani Desemba 2023, mwezi ambao maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yaliifukia sehemu ya mji wa Katesh. Takwimu za kituo kimoja zikipuuzwa kimya kimya katika mwezi kama huo, wagonjwa wake hawaonekani popote kwenye ripoti. Mtandao ukikatika kabla ya jibu kufika, tuma tena ombi lilelile: thamani yenye kipengele, kipindi na kituo kilekile husasishwa, hairudufiwi. Mifumo mingine haina ulinzi huo, kwa hiyo lijaribu hilo kwa makusudi, uzime intaneti katikati ya ombi.

Majaribio hayafanywi kwenye mfumo halisi bila idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia bila idhini kwenye kompyuta isiyo yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda taarifa za mgonjwa hata zikiwa ndani ya faili la majaribio. Tumia majina ya kubuni, lakini uyabuni yakiwa na ritifaa na mikwaju.