Mafindofindo na jipu la koo: dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Mwambie mtoto apanue mdomo mbele ya mwanga. Nyuma ya ulimi utaona vinyama viwili, kimoja kila upande. Hayo ni mafindo, ambayo wengi tunayaita tonsesi. Kazi yake ni kukabiliana na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua. Yakishambuliwa huvimba, huwa mekundu na wakati mwingine hutoka madoa meupe. Hapo tunasema mtoto ana mafindofindo.

Mara nyingi chanzo ni virusi kama vile vya mafua: mtoto anakohoa, makamasi yanatoka, sauti inakauka. Hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, na antibiotiki haisaidii chochote. Bakteria wanaotusumbua zaidi wanaitwa streptokoka, na huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Homa hupanda ghafla, kumeza kunauma sana, tezi za chini ya taya zinavimba, lakini mara nyingi kikohozi na mafua havipo. Kwa kuangalia tu hata sisi wauguzi tunaweza kukosea, kwa hiyo mtoto aonwe kituoni kabla hujamnunulia dawa.

Jipu linavyotokea

Maambukizi yakivuka findo na kuingia kwenye nyama iliyo jirani, usaha hujikusanya. Ni jipu kama lile la mguuni, ila hili liko karibu na njia ya hewa. Jipu la pembeni mwa findo huwapata zaidi vijana na watu wazima. Watoto chini ya miaka 5 hupata zaidi lile la nyuma ya koo, ambalo si rahisi kuliona hata ukimmulika.

Kwa hiyo angalia mwenendo wa mtoto. Koo limeuma siku tatu nne, na badala ya kupata nafuu maumivu yanahamia upande mmoja, hata sikio la upande huo linauma. Mdomo haufunguki vizuri. Sauti inakuwa nzito, kama anaongea na tonge mdomoni. Mate yanamdondoka mtoto aliyekwisha acha kutoka udenda, kwa sababu kuyameza hawezi. Shingo imekakamaa, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Akitoa sauti ya mkoromo anapovuta pumzi, mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunywa kabisa, ondoka sasa hivi hata kama ni saa nane ya usiku. Njiani mwache akae anavyoona nafuu, usimlaze kwa nguvu, na usimwingize kijiko mdomoni eti uone koo. Hospitalini jipu la pembeni mwa findo hunyonywa usaha kwa sindano au hupasuliwa kidogo, na mgonjwa hupewa dawa kwa mshipa. Vidonge vya dukani peke yake havitoshi.

Nimewahi kumpokea binti wa miaka 13 ambaye mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Wiki moja nyuma alikuwa ameandikiwa antibiotiki. Siku ya tatu homa ilishuka, dawa ikawekwa kabatini, "mdogo wake naye akiugua tusihangaike." Simlaumu mama yule, dawa ni pesa. Lakini penisilini ya vidonge kwa streptokoka kwa kawaida hutolewa siku 10, na sababu kubwa si koo tu. Streptokoka asipotibiwa vizuri anaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo wa mtoto moja kwa moja.

Kuhusu kukata kimeo

Najua bibi na majirani watasema tatizo ni kimeo kirefu, kikatwe. Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, na si tonsesi. Kukikata hakutibu kikohozi wala mafindofindo. Kunaleta damu nyingi, maambukizi, na wakati mwingine jipu lenyewe tunalolikimbia. Mwambie bibi kwa heshima kwamba mtoto anaenda zahanati kwanza.

Nyumbani

Mpe parasetamo kulingana na uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe. Uji mwepesi uliopoa, maziwa, supu na maji kidogokidogo vinameza vizuri kuliko ugali. Anayeweza kutema asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Asali inatuliza, ila kamwe si kwa aliye chini ya mwaka mmoja.

Ukiona utando wa kijivu uliogandia kooni, hiyo yaweza kuwa dondakoo. Mpeleke hospitali haraka, na ubebe kadi yake ya kliniki ili waangalie kama chanjo za Penta za wiki ya 6, 10 na 14 alizipata zote.