Vyumba Kumi na Vitano: Tarikhi ya Mchezo wa Safari katika Nchi ya Chai

Kadi ya kumbukumbu ya mashine ya PlayStation ya kwanza ni kitu kidogo kisichojaza kiganja, lakini ndani yake mna vyumba 15, wala havizidi. Na katika kibanda kimoja cha mabati nyuma ya stendi ya magari ya Kericho, nilimokula sehemu kubwa ya ujana wangu, vyumba hivyo viligawiwa watu 15 kama vile shamba la marehemu ligawiwavyo warithi, kila mtu na fungu lake, na kila fungu na jina la mwenyewe katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Changu kilikuwa cha tisa. Aliyetaka kuiendeleza hikaya yake aliingia, akapangusa matope, akasema namba ya chumba chake, na mwenye kibanda akaitoa kadi katika kopo la majani chai alimokuwa ameihifadhi, akaipachika mashineni kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto.

Watu wa Kericho na Bomet wameandikiwa mengi mno juu ya majani yao na machache mno juu ya starehe zao, nami naona kuwa desturi ile ya vyumba 15 inastahili kuandikwa kabla hatujaisahau sisi tulioishi nayo.

Mchezo wenyewe vijana waliuita mchezo wa misheni. Mimi hupenda kuuita mchezo wa safari, kwa maana ushindi wake haumo katika wepesi wa vidole bali katika shauri. Mchezaji hukabidhiwa mtu dhaifu, asiye na silaha ya maana wala sahibu, akamwongoza mji hata mji, akimwongezea nguvu kidogo kidogo kwa kila adui amshindaye, hata baada ya makumi ya saa awe mtu wa kuogopwa. Asili yake ni mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, ambao haukuhitaji umeme hata chembe: watu walikaa kuizunguka meza wakiwa na karatasi na dadu, mmoja akasimulia pango na wengine wakasema watakalolitenda ndani yake. Kisha kompyuta zikauchukua mchezo huo, zikambakisha mchezaji peke yake. Huko Japani Yuji Horii alitoa Dragon Quest mwaka 1986, na Hironobu Sakaguchi akafuata kwa Final Fantasy mwaka 1987, na kile kilichokuwa baraza kikageuka kuwa faragha ya mtu mmoja na runinga yake. Ninalotaka kulishuhudia hapa ni kwamba katika nchi ya chai, bila mtu yeyote kukusudia wala kujua habari za Gygax, mchezo ule ulirudi barazani.

Sharti nianze mbali kidogo, kwa sababu wakati wa mapumziko katika nchi hii una tarikhi yake, na tarikhi hiyo ina uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi ya Wakipsigis pande za Kericho ilitwaliwa ikapewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi wao ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yakashika mahali pao. Wenye ardhi hawakurudishiwa, wala jambo hilo halijasahauliwa hata leo. Mikono ya kuchuma ilitafutwa karibu na mbali, kwa Wakipsigis wenyewe, kwa Wakisii, kwa Waluo na kwa Waluhya, na aghalabu mtu aliandikwa kwa tiketi ya siku 30 za kazi, ambayo ilimpasa kuimaliza katika siku 42, kila siku aliyofanya kazi ikitiwa alama. Watoto nao walichuma. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto nchini, na mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa miongoni mwa yaliyosemwa sana. Kila nikumbukapo kwamba nilipewa alasiri nzima nikae bure mbele ya runinga, nikiwa na umri ambao mtoto mwingine, palepale, miaka 70 iliyotangulia, alikuwa na kikapu mgongoni, siwezi kuihesabu alasiri ile kuwa kitu kidogo.

Jioni ilipoingia katika kambi za wachumaji, baada ya majani kupimwa, watu walicheza. Waluo walikuja na ajua yao, na kila kabila lililokuwa na mchezo wa mashimo na kete likaukuta mchezo wa jirani unafanana na wake kama ndugu wa baba mmoja, hata ukaweza kuchezwa kwa ishara kabla ya lugha kupatana. Lugha ilipopatana ilikuwa Kiswahili. Na mchezo wa mashimo una adabu moja ambayo tuliirithi hata kibandani: wachezaji ni wawili, lakini washauri hawana idadi, na mtazamaji aliyenyamaza huhesabiwa kuwa hana akili au ana kinyongo.

Majumbani, karibu na moto, wazee walikuwa na Chemosit. Mwingereza A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alimweleza kama tulivyomsikia sisi Wakipsigis kwa bibi zetu: nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku mfano wa taa. Mtoto aliyelelewa kwa Chemosit hahitaji kufundishwa kwamba pango haliingiwi hovyo. Nimewaona vijana waliokuja kutoka mijini wakikimbia moja kwa moja hata mwisho wa pango la mashine na kufa humo, ilhali wetu walisimama mlangoni kwanza wakaulizana kuna nini ndani.

Umeme ulikuwa na mipaka yake. Makampuni yalikuwa yakifua umeme wao kwa maji ya mito kwa ajili ya viwanda, na hospitali ya Tenwek, huko Bomet, ilikuwa na mtambo wake katika maporomoko tangu mwaka 1987. Lakini nyumba nyingi za wakulima ziliendelea na koroboi, na mwenye runinga aliiwasha kwa betri ya gari iliyopelekwa sokoni kujazwa. Kwa hiyo mashine ya michezo haikuwa kitu cha nyumbani. Ilipotoka PlayStation ya pili mwaka 2000 na ile ya kwanza kushuka thamani, vibanda vilifunguliwa mijini, palipokuwa na nyaya, nasi tukavifuata huko.

Wengi waliofika walifuata mpira, na malipo ya mpira yalikuwa mepesi: mechi moja shilingi 10, aliyefungwa akainuka. Mchezo wa safari haufungi mtu. Ilibidi ulipiwe kwa nusu saa, na nusu saa katika hikaya ya makumi ya saa ni kama kuchuma mistari miwili katika shamba zima. Hivyo aliyeucheza peke yake asingeumaliza mwaka huo wala mwaka uliofuata, isipokuwa msimu wa bonasi, fedha za majani zilipomfikia baba na senti chache zikaanguka mikononi mwa mwana. Tukaanza kuchanga. Watatu walitoa sarafu kwa chumba kimoja, mmoja akashika padi, wa pili akaandika daftarini, wa tatu akasoma. Na aliyesoma ndiye aliyekuwa bwana wa kibanda.

Maneno yote ya Final Fantasy VII, safari tuliyoicheza kibandani, yalikuwa ya Kiingereza, tena mengi, na wakati mwingine yalipita upesi. Wasomaji hodari hawakuzidi wawili au watatu. Msomaji alisimama kando ya runinga akayatoa kwa Kiswahili kwa sauti, kwa kuwa mbele yake walikaa Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya, watoto wa watu walioletwa pamoja na jani moja. Hakutafsiri neno kwa neno. Kito kilichoitwa *materia* alikiita jiwe, kile cha Restore kikawa jiwe la kuponya, na kile cha All kikawa jiwe la wote. Phoenix Down, dawa imwinuayo aliyeanguka vitani, akaiita manyoya ya kufufulia. Mvua ya Kericho, ambayo hunyesha alasiri kama aliyeahidiwa malipo, ilipopiga mabati hata tusisikiane, mchezo ulisimamishwa. Si kwa hofu ya radi, bali kwa sababu msomaji hasikiki. Hapo nilifahamu kwamba kwetu hadithi ilikuwa sikioni kuliko machoni.

Maarifa tuliyoyapata yaliandikwa daftarini, na kwa kuwa sijui daftari liliko sasa, nitayaweka hapa niliyoyashika. Zungumza na kila mtu wa mji, kisha rudi uzungumze naye tena, kwa maana wengi hutoa neno la maana mara ya pili. Usimwingie adui mkubwa kabla hujalitia jiwe la kupimia, liitwalo Sense, likuambie ana nguvu kiasi gani na anaogopa nini, kwani anayeogopa moto hata umpige kwa panga lako bora utakesha. Unganisha jiwe la kuponya na jiwe la wote katika silaha moja, ili dawa moja iwafikie watatu. Usiwe bahili wa dawa: nimewaona watu wakimaliza safari na mkoba umejaa, ilhali walikufa mara nyingi njiani kwa kuuhifadhi. Na mfu atembeaye, kama mfalme wa mizimu aliye katika pango la Gi, mtupie dawa ya kuponya iliyo kali kuliko zote, ile X-Potion, naye ataanguka papo hapo. Tuliligundua hilo kwa kosa la mshika padi aliyebonyeza jina lisilo lake, na kibanda kikalia kwa furaha.

Ama juu ya mawe, mtu wa chai huelewa upesi. Jiwe hukua kwa kutumika, na likikomaa huzaa jingine changa. Mgeni hulibadilisha kila mara kwa tamaa ya jipya. Aliyeuona mche wa chai ukingojewa karibu miaka mitatu kabla ya kuchumwa sawasawa, kisha ukipogolewa hata ubaki vijiti, na baada ya miezi ukarudi na majani mengi kuliko ya awali, huliacha jiwe mahali pake na kuendelea na safari.

Lakini kadi ilikuwa na hatari zake. Huko Japani, katika Dragon Quest ya kwanza, mashine haikukumbuka lolote. Ilimpa mchezaji maneno ya herufi 20 ayanakili kwenye karatasi, na aliyekosea herufi moja alipoteza safari yake. Sisi tuliokolewa na kadi, tukapotezwa na mikono. Jioni moja ya Jumamosi, umeme ulipokuwa ukifumba na kufumbua, mtu alihifadhi safari yake kwa haraka, *kusevu* kama tulivyosema, akaiweka juu ya chumba cha tisa. Saa 31 zangu zilifutika. Palipokuwa na picha za watu wangu watatu pakaonekana za watu wake, nami nikatoka nje nikasimama mvuani, kwa sababu mvulana wa miaka 15 hawezi kulia mbele ya wenziwe. Siku ya pili mwenye kibanda aliweka kanuni, na haikuvunjwa tena muda wote niliokaa pale: hakuna ahifadhiye kabla mtu mwingine hajasoma namba ya chumba kwa sauti, na mwenye chumba, au aliyemwakilisha, akaitikia.

Nilianza upya, na wenzangu wakanichangia, hata nikafika tena mwisho wa diski ya kwanza kati ya zile tatu. Anayeujua mchezo huu anajua kilicho hapo. Yule binti muuza maua, Aeris, aliyekuwa mponyaji wetu, anapiga magoti akiomba, na adui anamshukia kutoka juu kwa upanga mrefu. Kibanda kilijaa siku hiyo. Hata waliongojea mpira waliiweka padi ya pili chini, na gogo mmoja, kama tumwitavyo bibi kwa Kikipsigis, aliyeuza mahindi ya kuchemsha mlangoni na kila siku akatusikiliza huku akipepea moto wake, alikuwa ameinuka akaingia ndani kwa ajili ya mvua. Msomaji alisoma hata alipofika panapo mauti, akanyamaza, kwani hapakuwa na neno la kusoma. Palikuwa na muziki tu, na maji.

Gogo ndiye aliyesema kwanza. "Mjukuu wangu," alimwambia msomaji kwa upole, "na yale manyoya ya kufufulia?"

Msomaji alimtazama mshika padi. Hikaya iliporudi mikononi mwetu, mshika padi akaufungua mkoba wa mashine, akashuka polepole hata akafika kwenye jina hilo, nasi sote tukainama kuitazama hesabu. Yalikuwamo 11.